DAFU LILILOZAA UFALME
Somo kuhusu chakula na enzi katika mji wa Kotagede, Java

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wenzangu wa chama wameshaandika sana kuhusu Pate, Lamu na Gedi, hata nikaona nikirudia huko nitakuwa nachota maji kisimani kwa mwenzangu. Kwa hiyo leo nawavusha bahari hadi kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Najua kuna atakayeuliza, "Java inatuhusu nini sisi?" Ngoja kwanza. Huko nako watu hukuna nazi, hugema mnazi, hunywa dafu na kusherehekea Maulidi. Utajiona kwenu.

Tuanze na safari. Idi ndogo ikikaribia, mamilioni ya Waindonesia huacha kazi zao mijini na kurudi walikozaliwa wazazi wao. Wao huita safari hiyo mudik. Mabasi hujaa, garimoshi hujaa, vivuko navyo hujaa. Ni kama vile Krismasi hapa kwetu, wakati Nairobi inapobaki tupu na kila mtu yuko ushago. Sasa jiulize: mfalme naye akitaka kwenda ushago, ataenda wapi? Sultani wa Yogyakarta hana haja ya kukata tikiti. Ushago wake ni Kotagede, mji mdogo ulio kilomita chache tu kusini-mashariki mwa katikati ya jiji. Huko ndiko ukoo wake ulikoanzia katika karne ya 16, na huko ndiko mababu walikozikwa.

Wajava wana kisa chao cha jinsi ukoo huo ulivyopata enzi. Si kisa cha upanga. Ni cha dafu.

Palikuwa na wazee wawili marafiki, Ki Ageng Giring na Ki Ageng Pemanahan. (Hilo "Ki Ageng" ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema Mzee fulani.) Siku moja Giring, aliyekuwa mgema, alisikia sauti kutoka mnazini ikimwambia kwamba atakayekunywa maji ya dafu lile kwa mkupuo mmoja, wajukuu wake watatawala Java yote. Giring akaliangua upesi. Lakini asubuhi ile hakuwa na kiu, na dafu kubwa huwezi kulimaliza kwa mkupuo mmoja kama huna kiu. Akaliweka jikoni, akaenda shambani kufanya kazi kwa makusudi ili koo limkauke. Ndipo Pemanahan akaja kumtembelea, ametoka mbali, jasho linamtiririka. Akaliona dafu. Mke wa Giring akamkataza, akamwambia hilo ni la mume wangu, usiliguse. Mgeni hakusikia. Akalitoboa, akalinywa lote, halikubaki tone. Giring aliporudi alikuta kifuu. Alimsihi rafiki yake angalau vizazi vyao vipokezane enzi, na Pemanahan akamkatalia hadi ilipofika zamu ya kizazi cha saba.

Naomba mumwangalie huyo mama wa jikoni. Katika kisa chote yeye peke yake ndiye aliyesema neno la haki, na ndiye ambaye hakusikilizwa. Nitamrudia.

Baada ya hapo twaingia katika mambo ya historia zaidi. Pemanahan alisaidia kumshinda Arya Penangsang, adui wa Sultani wa Pajang, na kwa kazi hiyo akapewa msitu uitwao Mentaok. Akaufyeka pamoja na watu wake, ukawa mji. Mwanawe, Panembahan Senopati, ndiye mtawala wa kwanza wa dola ya Mataram, na alifariki mwaka 1601. Mji wenyewe ndio Kotagede.

Husimuliwa kwamba wafyekaji wa msitu ule walikuta mifenesi na minazi tele. Wakawa wanapika mafenesi mabichi kwa tui katika masufuria makubwa mno, wakikoroga kwa miiko mirefu kama makasia. Kukoroga kwa Kijava ni hangudeg, basi chakula kikaitwa gudeg. Kama kisa hiki ni cha kweli au kilitungwa baadaye, gudeg ndicho chakula ambacho Yogyakarta yote inajulikana kwacho hadi leo.

Sasa jinsi kinavyopikwa, maana somo la chakula bila mapishi ni njaa tupu. Fenesi huchumwa bado changa, kabla halijawa tamu, likakatwa vipande. Hutiwa tui, vitunguu, vitunguu saumu, giligilani, na sukari nyekundu inayotokana na mnazi. Sukari hii hutengenezwa kutokana na utomvu ule ule ambao wagema wetu huukinga kwenye kilele cha mnazi. Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kwao hulitia motoni, akalichemsha mpaka likawa gumu, akaliuza kwa vipande. Ndani ya chungu hutiwa pia majani ya msaji, mti ule wa mbao za thamani, nayo huigeuza gudeg rangi ya kahawia iliyoiva. Kisha ni moto wa taratibu kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Asubuhi huliwa kwa wali, yai lililopikwa humo humo, kuku, tui zito lililokaushwa likawa kama malai, na ngozi ya ng'ombe iliyoungwa kwa pilipili kali. Ndiyo, ngozi! Nilipolisomea darasa sehemu hii, wenzangu walicheka. Lakini gudeg yenyewe ni tamu kama imetiwa asali, na bila ile pilipili ya ngozi ingekukinai.

Turudi Kotagede. Wajava wana juma lao la siku tano, na siku moja huitwa Legi. Siku hiyo ndiyo soko la Kotagede, Pasar Legi, hujaa kuliko siku nyingine zote. Mji ni wa wafua fedha na wa nyumba za mbao zenye mapaa marefu, ingawa tetemeko la tarehe 27 Mei 2006 lilibomoa nyingi. Huko utauziwa kipo, kitamutamu cha kijani kisichozidi kidole gumba. Ni unga wa mchele wa kunata, rangi yake hutokana na majani, ndani yake nazi iliyokunwa na kupikwa kwa ile sukari ya mnazi, kikaokwa juu ya jani la mgomba. Jina lake nalo lina kichekesho: eti wageni walikuwa wakikiona wanauliza, "Iki opo?" yaani "Hiki ni nini?" Swali likageuka jina.

Hatua chache kutoka sokoni kuna msikiti wa zamani na nyuma yake makaburi ya wafalme. Hapo huingii na suruali ya jeans. Unavaa mavazi ya Kijava kwanza. Pemanahan yumo, Senopati yumo. Kaburi linalozungumzwa zaidi, hata hivyo, ni la Ki Ageng Mangir, maana nusu yake iko ndani ya ukuta na nusu nje. Mangir alikataa kumtii Senopati. Senopati, kwa mujibu wa masimulizi, akamtuma binti yake mkubwa, Pembayun, aende kwa adui akijifanya mchezaji ngoma. Mpango ulikuwa amnase. Kumbe wakapendana kweli, wakaoana. Mangir alipoletwa Kotagede kumpigia magoti baba mkwe, Senopati akamgongesha kichwa kwenye jiwe alilokuwa akikalia, akafa. Kwa vile alikuwa mkwe, alizikwa ndani. Kwa vile alikuwa adui, alizikwa nje. Lishike jina la Pembayun, msomaji, maana ni jina la cheo ambalo jumba la enzi humpa binti wa kwanza.

Mataram ilihama Kotagede, ikazozana, ikagawanywa kwa mkataba wa Giyanti wa mwaka 1755. Hapo Mwanamfalme Mangkubumi akawa Sultani Hamengkubuwono wa Kwanza wa Yogyakarta. Ajabu ni kwamba ufalme huu haukufa. Tarehe 5 Septemba 1945, siku chache tu baada ya Indonesia kujitangazia uhuru, Hamengkubuwono wa Tisa alitangaza kwamba nchi yake ni sehemu ya jamhuri mpya. Jamhuri haikumsahau. Kwa sheria ya mwaka 2012, Sultani wa Yogyakarta ndiye gavana wa jimbo, bila kupigiwa kura. Hebu fikiria: gavana wa watu zaidi ya milioni tatu na nusu hutoka katika nyumba moja.

Je, nyumba hiyo huonyeshaje kwamba bado ni ya watu? Kwa chakula. Mara tatu kwa mwaka, Maulidi, Idi ndogo na Idi kubwa, jumba hutoa gunungan, maana yake "milima". Ni vilima vya vyakula: maharagwe marefu ya kijani, pilipili, mayai, maandazi ya mchele, vyote vimepangwa vikasimama kama pia. Askari wa Sultani huvisindikiza hadi Msikiti Mkuu, dua husomwa, kisha ni vya wananchi. Kwa miaka mingi watu waliviparamia na kuvigombania hadi ikabaki mianzi mitupu. Aliyepata kipande cha ukoka au pilipili moja hakukila lazima. Wengine walikitundika nyumbani au kukizika shambani wapate baraka.

Lakini sherehe niliyoipenda zaidi haina kelele. Kila mwaka, siku ya ukumbusho wa Sultani kutawazwa inapokaribia, ndani ya jumba hupikwa apem. Ukitaka kujua apem ikoje, fikiria kitumbua au mkate wa kumimina: unga wa mchele, tui, sukari, ukaachwa uumuke. Wajava wengi husema jina linatokana na Kiarabu, msamaha, ndilo hilo hilo tulilonalo sisi tunaposema "afu". Zipo za kawaida na zipo kubwa, ambazo hupangwa juu kwa juu hadi zikafikia kimo cha Sultani mwenyewe. Na anayekoroga unga huo ni nani? Si mtumishi. Ni malkia, GKR Hemas, na binti zake, mikono yao ndani ya chombo.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Hamengkubuwono wa Kumi, aliyetawala tangu 1989, ana mke mmoja na mabinti watano. Hana mtoto wa kiume. Mwaka 2015 alitoa amri mbili. Katika ya kwanza alibadili jina lake na kuacha cheo cha Khalifatullah. Katika ya pili, binti yake mkubwa, aliyekuwa akiitwa Pembayun, alipewa jina la Mangkubumi, lile lile la mwanzilishi wa Yogyakarta kabla hajakalia kiti. Kila mtu alielewa maana yake. Ndugu wa Sultani walipinga, wakasema mila ya ukoo hurithisha wanaume, na kwamba Sultani ni kiongozi wa dini pia. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya Indonesia ilikifuta kifungu kilichomtaka mgombea ugavana ataje "mke" wake, maana kilionekana kama kinamfungia mwanamke mlango. Mlango wa sheria umefunguka. Wa mila bado unasukumwa kutoka pande zote mbili.

Mimi nina maoni yangu na sitayaficha. Tangu yule mama aliyelinda dafu jikoni kwa Giring, hadi binti aliyetumwa kwa Mangir, hadi malkia anayekoroga apem, wanawake ndio wamekuwa wakiubeba ufalme huu mikononi. Ikiwa mkono unafaa kupika mkate wa kimo cha Sultani, kwa nini usifae kushika fimbo yake? Tena Java yenyewe imeshatawaliwa na wanawake. Tribhuwana aliongoza dola ya Majapahit kuanzia 1328 hadi 1350. Naye Ratu Kalinyamat wa Jepara, aliyeishi zama zile zile za Pemanahan, alituma merikebu zake kupigana na Wareno huko Malacca mwaka 1551 na tena 1574. Nakubali kwamba wanaopinga wana hoja yao: ukoo wa baba ukikatika, kiti huhamia ukoo mwingine, na mababu wa Kotagede watazuriwa na nani? Hilo si swali la kipuuzi, na Kotagede kwenyewe ndiko linakouma zaidi.

Nimeshamkabidhi katibu wa mijadala mada ya muhula ujao: "Binti wa Sultani arithi kiti cha baba yake." Mimi nitaunga mkono. Anayetaka kupinga aanze kutafuta hoja sasa, na asije na ile ya kusema jambo hili halijawahi kuonekana Java, kwa sababu Kalinyamat nimeshamtaja.