Magonjwa Mapya: Yanavyoingia Kijijini na Jinsi ya Kuyazuia

*Kijitabu cha elimu ya afya kwa wananchi wa Mkumbi, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa*

Kwa nini tuyajue?

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, mkoani Kagera. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria, kurudi kijijini. Wakaugua ndugu zake, kisha wahudumu wa afya. Kati ya watu 9 waliougua, 6 walifariki. Januari 2025 ugonjwa huo ulirudi mkoani humo, wilayani Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa kuugua walifariki.

Kagera ni mbali, lakini maisha yake ni kama yetu. Mvuvi hulala kambini, akiumwa hurudi kwao. Mitumbwi huenda Malawi na Msumbiji. Usipa wa Mbamba Bay hufika Mbinga siku hiyohiyo kwa lami ya kilomita 66, na msimu wa kahawa huleta wachumaji kutoka sehemu nyingi. Ugonjwa hupita njia hizohizo, na ukishafika nyumbani huwapata kwanza wale wanaouguza. Hatuwezi kuacha kuuguzana. Tunachoweza ni kubadili namna ya kuuguza.

Yanatoka wapi?

Takribani magonjwa mapya matatu kati ya manne ya binadamu hutoka kwa wanyama.

- Panya. Julai 2022 homa ya mgunda iliwapata watu 20 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, 3 walifariki. Vijidudu vyake hukaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huingia majini na kwenye tope, kisha hupenya mwilini kupitia michubuko. Ukiwahi zahanati, unatibika kwa dawa.
- Popo wala matunda. Ndio wanaobeba virusi vya Marburg, hasa wale wa mapangoni. Msiwaue wala kuwafukuza, maana wanachavusha maua na kusambaza mbegu. Waacheni walipo.
- Nyama ya porini na mifugo iliyokufa yenyewe. Hatari kubwa ipo wakati wa kuchuna, damu inapogusa mikono yenye vidonda.

Kipindupindu si kipya, lakini hurudi. Mlipuko ulioanza Malawi mwaka 2022 uliua watu zaidi ya 1,700. Ziwa Nyasa ni moja, na safari za kuvuka ni za kila siku.

Kinga shambani na ziwani

- Vaa viatu vya mpira unapolima ngoro au bondeni penye maji. Funika vidonda.
- Hifadhi mahindi mahali panya hawafiki. Osha tunda kabla ya kulila, na tupa lililotafunwa.
- Usichune wala kula mnyama uliyemkuta amekufa. Mwite afisa mifugo.
- Chemsha maji ya kunywa, hata yale ya ziwa yanayoonekana masafi. Jenga choo, na weka kibuyu chirizi chenye sabuni karibu yake. Kambi za wavuvi nazo ziwe na vyoo.

Mgonjwa akiwa nyumbani

Dalili za kushtukia ni homa kali ya ghafla, maumivu makali ya kichwa na misuli, kutapika, kuharisha, macho kuwa ya njano, au kutokwa damu puani, kwenye fizi au sehemu nyingine. Malaria nayo huanza kwa homa, kwa hiyo usikisie, nenda ukapimwe.

1. Mpe mgonjwa chumba chake, chombo chake na mtu mmoja wa kumhudumia.
2. Usiguse damu, matapishi, kinyesi wala nguo zake kwa mikono mitupu.
3. Anayeharisha anyweshwe maji ya chumvi na sukari yenye vipimo sahihi wakati safari ya zahanati inaandaliwa.
4. Piga simu 199 bila malipo, au mwite mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kabla ya kumpakia kwenye bodaboda. Eleza dalili, zilianza lini, alikotoka na aliokaa nao.

Waganga wa tiba asili, tunawaomba: anayetoka damu au mwenye homa isiyoshuka mpelekeni zahanati mapema. Nanyi pia mnaweza kuambukizwa.

Msibani

Mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado unaambukiza. Wataalamu wauoshe na kuuzika. Familia isimame pembeni ishuhudie, na padri, katekista au shehe aongoze sala kama kawaida. Heshima ya marehemu haipungui.

Wajibu wa jirani

Waliomgusa mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa kwa siku 21, wakikaa nyumbani. Si adhabu, na hawakufanya kosa. Mara nyingi watu huficha ugonjwa kwa kuogopa kutengwa, shamba kuharibika na watoto kulala njaa. Kwa hiyo kila kitongoji kikubaliane mapema nani atawapelekea maji, kuni na unga hadi mlangoni, na nani atachuma kahawa yao kabla haijadondoka. Mwenyekiti wa kitongoji aitishe mkutano huo sasa, wakati wote ni wazima. Anayejua kwamba majirani hawatamwacha atasema mapema, na hapo kijiji kitapata muda wa kujiokoa.