Saa Tano za Mchanga: Kupanga Siku za Ufukweni Katika Safari ya Meli ya Karibi

Kampuni za meli za kitalii huuza safari ya Karibi kwa picha ya ufukwe, lakini tiketi haikupi ufukwe. Inakupa gati, saa chache na safu ya madereva wanaoita kwa sauti. Pwani ya kwetu mtu akisema kesho tunakwenda kuogelea Bagamoyo au Diani, siku nzima ni yake. Kwenye meli siku imeshakatwa kabla hujaamka, na anayefurahi ni yule aliyejua mapema imekatwa wapi.

Tuhesabu. Ratiba inasema meli itafunga gatini saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Kwenye karatasi hizo ni saa tisa. Hakuna anayeshuka mpaka maofisa wa kisiwa waipe meli ruhusa, basi ondoa nusu saa au zaidi. Ngazi hupandishwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka, na juu ya hapo jiwekee saa moja ya tahadhari. Ondoa foleni ya kushuka, ondoa teksi ya kwenda na ya kurudi, ondoa mwendo wa kulipita gati refu na maduka ya vito yaliyopangwa makusudi ili usiwe na njia nyingine ya kupita. Zinabaki kama saa tano. Kwa hiyo mimi sichagui ufukwe kwa sifa zake. Nachagua kwa umbali wake na meli. Ufukwe wa kawaida ulio dakika kumi kutoka gatini ni bora kuliko ufukwe maarufu ulio ng'ambo ya msongamano wa magari.

Kinachowaponza watu wengi zaidi ni saa yenyewe. Cozumel iko jimbo la Quintana Roo, Mexico, ambalo mwaka 2015 lilihamia saa za mashariki na halizisogezi majira ya joto yanapofika. Florida huzisogeza. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Miami iko mbele ya Cozumel kwa saa moja, na meli nyingi zilizotoka Florida hubaki na saa ya Florida. Simu yako ikishika mtandao wa kisiwani inajirudisha nyuma yenyewe. Unaangalia, ni saa tisa alasiri, unaagiza samaki mwingine, kumbe melini ni saa kumi. Upande wa mashariki mambo hugeuka: majira ya baridi St. Thomas, Sint Maarten na Barbados ziko mbele ya Miami kwa saa moja. Huko hutaachwa na meli kwa sababu ya simu, lakini mwenye boti uliyemlipa atakuwa ameshaondoka. Vaa saa ya mkononi, iwekee saa ya meli, na usiiguse mpaka safari iishe.

Meli haimsubiri mtu aliyejipangia matembezi mwenyewe. Ukinunua matembezi ya meli na basi likakwama, meli husubiri au kampuni hukufikisha bandari inayofuata kwa gharama yake. Ukienda kwa njia yako, mzigo ni wako. Mwezi Machi 2024 meli moja iliwaacha abiria wanane kisiwani São Tomé, huku kwetu Afrika, baada ya matembezi waliyojipangia kuchelewa, na iliwabidi kupita nchi kadhaa kuifukuzia hadi Senegal. Hata hivyo sishauri kununua matembezi ya ufukweni kutoka melini kama desturi. Mara nyingi unalipa bei kubwa kwa basi lile lile na kiti kile kile ambacho ungekipata mwenyewe. Yanunue pale tu ufukwe ulipo mbali, au pale lazima upande feri. Kwenye bandari ambayo ufukwe uko karibu, hela hiyo ni ya kutupa.

Sasa bandari zenyewe, nami nianze na ile ninayoipenda. Barbados. Meli hufunga Bridgetown, na Carlisle Bay iko dakika kama kumi kwa teksi. Maji yametulia, mchanga ni mweupe, na hatua chache kutoka ufukweni kuna mabaki ya meli zilizozama ambapo kasa huogelea. Fukwe zote za Barbados ni za umma, kwa hiyo hakuna anayeweza kukutoza kukaa mchangani. Unalipia kiti na mwavuli ukitaka. Dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, bei isiyobadilika, basi kabla hujalipa uliza ni dola ipi inayotajwa. Na usiogope mabasi madogo meupe yenye namba za ZR. Ni matatu za Nairobi kabisa: muziki juu, kondakta anayening'inia, nafasi ya mmoja wakikaa wawili. Nauli ni dola tatu na nusu za Barbados popote uendapo, wakati teksi kutoka gatini itakudai mara nyingi ya hiyo. Wenyeji wa ndani ya ZR watakuambia mahali pa kushuka kabla hujauliza.

St. Thomas nayo inastahili, ila kwa masharti. Magens Bay ni ghuba iliyokingwa vizuri, yenye ufukwe unaozidi kilomita moja na miti ya kivuli nyuma yake. Tajiri Arthur Fairchild aliwapa wananchi eneo hilo mwaka 1946, na kiingilio kinachotozwa mlangoni hutumika kulitunza. Kero ni usafiri. Teksi za huko ni malori yaliyowekewa mabenchi, na nauli hutozwa kwa kichwa, si kwa gari. Familia ya watu watano hulipa mara tano, kwenda na kurudi. Dereva haondoki mpaka mabenchi yajae. Mimi nimekaa juani kwenye benchi la mbele huku dakika za ufukweni zikiyeyuka, dereva akisema kila mara wamebaki wawili tu. Dawa yake ni kushuka melini mapema na kupanda gari lililokaribia kujaa, si lile tupu linalokuita kwa tabasamu. Nauli zimewekwa na serikali ya Visiwa vya Virgin vya Marekani na zimeandikwa. Omba kuona karatasi. Kurudi, ondoka saa nane mchana. Kuanzia saa tisa kila mtu anataka gari lile lile.

Trunk Bay, kisiwa jirani cha St. John, hutajwa kila mahali kuwa ufukwe bora wa eneo hilo, na ni mzuri kweli. Lakini kufika ni teksi hadi Red Hook, feri ya dakika ishirini, kisha teksi nyingine. Kama meli yako inaondoka saa kumi na moja, uache.

Grand Cayman ina bahari ya kupendeza na mateso mawili. La kwanza ni kwamba haina gati la meli kubwa. Wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni mwaka 2025 wakakataa kulijenga. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, unachukua namba ya foleni na kusubiri, na jioni foleni nyingine inakungoja juani. Bahari ikichafuka, meli hupita bila kusimama. La pili ni bei. Dola ya Cayman ina thamani kubwa kuliko ya Marekani, na madukani dola moja yao hubadilishwa kwa dola 1.25 za Marekani. Menyu imeandikwa 20, wewe unalipa 25, na huduma imeongezwa juu. Wanaoitwa matapeli si lazima wawepo. Karatasi ya menyu inatosha. Seven Mile Beach, licha ya jina, haifiki maili sita, na sehemu yake ya kusini imeliwa na mawimbi hadi baadhi ya hoteli kubaki na ukuta tu. Panda basi dogo la umma karibu na maktaba ya George Town, uende kaskazini mpaka ufukwe wa umma. Teksi ya gatini ni hasara.

Nassau ningeiruka. Bandari yake ina nafasi ya meli sita kwa wakati mmoja, na siku za msimu hushusha watu zaidi ya 20,000 kwenye mji mdogo. Junkanoo Beach inafikika kwa miguu, ni bure, lakini utakaa ukikataa misuko, sigara na safari za pikipiki za majini hadi uchoke. Cabbage Beach ni nzuri zaidi, ila hoteli zimeubana mlango wake. Pasi ya siku ya hoteli kubwa ya Paradise Island itakugharimu zaidi ya siku nzima ya safari yako ya meli. Mimi siku ya Nassau hubaki melini: mabwawa yako wazi na viti havina wenyewe.

Na Maho, ule ufukwe wa Sint Maarten ambapo ndege hupita juu ya vichwa? Mchanga ni mwembamba, watu wamejaa, na barabara kutoka Philipsburg hufungwa na msongamano, hasa daraja la Simpson Bay linapoinuliwa kupitisha mashua. Ndege kubwa za 747 zilizoufanya maarufu ziliacha kwenda huko mwaka 2016. Mwaka 2017 mtalii mmoja aliuawa pale na upepo wa injini za ndege. Usimpeleke mtoto. Great Bay iko hapo hapo Philipsburg, ni mwendo mfupi kwa miguu au boti kutoka gatini, na bahari yake imetulia.

Msomaji wa pwani yetu amezoea kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Zanzibar wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka karibu mita nne, na ukikosea saa utakuta mwani na mawe tu. Karibi hilo lisikusumbue. Visiwa vingi tofauti ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita. Cha kuuliza huko ni upepo. Karibu mwaka mzima huvuma kutoka mashariki, hivyo pwani za mashariki zina mawimbi na mikondo mikali, na za magharibi zimekingwa. Bathsheba ya Barbados ni ya kuangalia, si ya kuogelea. Vivyo hivyo upande wa mashariki wa Cozumel, ambako waokoaji ni wa nadra: bendera nyekundu ikipepea, baki nchi kavu.

Upepo huo huo huleta sargasamu, mwani wa kahawia unaoelea baharini. Tangu 2011 umekuwa ukifika kwa wingi kutoka Atlantiki, hasa kuanzia Aprili hadi Agosti. Ukioza hunuka kama mayai viza. Mahahual, bandari ya Costa Maya huko Mexico, huumia sana. Pwani ya magharibi ya Cozumel husalimika mara nyingi. Msimu wa vimbunga rasmi ni Juni 1 hadi Novemba 30, na bei za Septemba huwa chini kwa sababu hiyo. Nahodha ana haki ya kubadili bandari bila kukulipa fidia ya ufukwe uliokosa, basi matembezi uliyojipangia mwenyewe yalipie kwa masharti ya kurudishiwa pesa meli isipofika.

Karatasi sasa, maana hapa ndipo ndugu zetu hukwama. Raia wa Marekani, katika safari inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani, anaweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha, ingawa pasipoti ni salama zaidi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi anahitaji visa ya Marekani inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli ikitoka Miami ameshatoka nchini na siku ya kurudi anaingia upya. Mexico humkubali mwenye visa halali ya Marekani. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa, lakini visa ya Schengen peke yake haikufungulii mlango wa visiwa hivyo. Iandikie kampuni ya meli, taja pasipoti yako na kila bandari ya ratiba, na utake jibu la maandishi. Ukikataliwa kwenye dawati la kupanda, nauli hairudi. Fika mji wa kuondokea siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haitajua.

Kwenye begi la ufukweni weka noti ndogo za dola, kwani chenji haipatikani au hurudi kwa fedha ya kisiwa. Bakshishi ya wahudumu wa melini hukatwa yenyewe, kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, basi iingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni yamepigwa marufuku Visiwa vya Virgin vya Marekani tangu 2020, kwa sababu yanadhuru matumbawe. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi, hata kaptula ya mtoto, ni kosa la kisheria Barbados, Jamaika na Saint Lucia, ziache nyumbani. Meli ikiondoka bandarini weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo itashika mtandao wa melini na bili yake ni ya kutisha.

Kila asubuhi kabla ya kushuka, piga picha ukurasa wa ratiba ya siku wenye jina na simu ya wakala wa meli bandarini. Ukiona umechelewa, mpigie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.