Ukishatubu, usijifungie ndani



Ndugu msomaji, kuna neno linasikika sana siku hizi hapa mjini, redioni na kwenye semina: "jisamehe". Mtu amekosa, anaambiwa ajisamehe aendelee na maisha yake. Neno hili lilikuwa likinikera, na mpaka leo kuna sehemu yake inanikera. Qur'an katika Suratu Aal Imran aya ya 135 inatufundisha kuwa hakuna wa kusamehe madhambi isipokuwa Allah (s.w.t.). Sasa mja anajisamehe kwa mamlaka gani? Lakini nimeishi miaka mitatu ndani ya maradhi ambayo neno hilo linajaribu kuyatibu, na sitaki kuwa mtu wa kukejeli dawa huku ugonjwa anaujua.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yetu alipofariki, mimi ndiye niliyekabidhiwa kusimamia mirathi. Nyumba ya Magomeni ikauzwa, kila mrithi akapata fungu lake kwa mujibu wa sharia. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, akaniomba nimshikie fungu lake mpaka apate kiwanja. Nilikaa na amana ile miezi miwili. Mwezi wa tatu nikanunua marobota ya mitumba, nikijiambia kuwa faida nitagawana naye na atafurahi. Sikumuuliza. Marobota yalipofunguliwa, mengi yalikuwa makoti mazito ya baridi, na mtu wa kuvaa koti la manyoya Kariakoo mwezi wa Januari bado hajazaliwa. Kilichosalia kikaliwa na kodi ya fremu.

Dada alipokuja na habari ya kiwanja Mbagala, kwanza nilimdanganya. Nikasema fedha zimekwama benki. Wiki ya pili nikashindwa kuubeba uongo, nikamweleza yote. Alilia, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Umenikosea, mdogo wangu. Kosa nimekusamehe. Pesa utanilipa kidogo kidogo."

Nikaanza kulipa kila mwezi, na hapo ndipo lilipoanza jambo ninalotaka kulizungumza. Mtu ungedhani aliyetubu, akasamehewa na mwenye haki, tena analipa, atapumua. Mimi nilizidi kuzama. Pesa nilituma kwa simu ili nisionane naye. Swala ya alfajiri nikawa naswali nyumbani, maana msikitini kulikuwa na wazee waliomjua marehemu baba. Darsa la Jumamosi nikaacha. Nyumbani nilikuwepo kama fanicha, naulizwa swali najibu, siulizwi nakaa kimya. Majirani wakanisifu kwamba nimekuwa mpole. Mke wangu peke yake ndiye aliyeona sawasawa. Siku moja aliniambia: "Deni la wifi linapungua kila mwezi, lakini wewe unazidi kupotea."

Kisha akaolewa binti wa yule dada. Mimi ndiye mjomba wake. Sikwenda. Nilisingizia safari ya Morogoro, nikakaa chumbani siku nzima, madirisha nimeyafunga, nikiamini kuwa ninafanya staha.

Kilichonitoa ni mtu kusoma kitabu. Mwenyekiti wa msikiti wetu alinibana nihudhurie darsa moja tu, na shehe siku ile alikuwa anasoma Hadithi ya Ka'b bin Malik (r.a.), ile ndefu iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Nilikuwa nimeshaisikia mara nyingi. Siku ile niliisikia kama mtuhumiwa anayesikiliza kesi yake.

Wengi tunaijua kwa juu juu. Mwaka wa 9 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwatangazia Waislamu safari ya Tabuk. Joto kali, njia ndefu, na Madina matunda yameiva. Ka'b hakuwa mnafiki wala maskini, anaeleza mwenyewe kuwa hajapata kuwa na uwezo kama wakati ule, akimiliki ngamia wawili wa kupanda. Alichofanya ni kuahirisha. Leo nitajiandaa, kesho nitawafuata, mpaka jeshi likawa mbali. Mtume (s.a.w.) aliporejea, watu themanini na kitu walikwenda kuapa na kutoa visingizio, akawakubalia kwa dhahiri yao na siri zao akamwachia Allah. Ka'b akasema kweli: hakuwa na udhuru. Jamaa zake wa Bani Salima wakamlaumu kwa kutotoa kisingizio kama wenzake, mpaka akakaribia kurudi ajikanushe. Kilichomzuia ni kusikia kwamba wako wengine wawili waliosema kama yeye, Murara bin Rabi' na Hilal bin Umayya (r.a.), watu wema waliohudhuria Badr.

Watatu hawa wakatengwa. Hakuna wa kuwasemesha kwa siku 50, na baada ya siku ya 40 wakaamriwa wajitenge hata na wake zao, ila mke wa Hilal aliruhusiwa kumhudumia kwa uzee wake. Nataka tusimame hapa. Wale wawili walikaa majumbani mwao wakilia. Ka'b, aliyekuwa kijana wao, hakujifungia. Alitoka. Alihudhuria swala za jamaa na Waislamu, akazunguka sokoni, na hakuna aliyemjibu neno. Alimwendea Mtume (s.a.w.) baada ya swala akamtolea salamu, kisha akawa anajiuliza: je, midomo yake imetikisika kunijibu au la? Akawa anaswali karibu naye na kumwangalia kwa kuiba. Aliparamia ukuta wa shamba la Abu Qatada, binamu yake na kipenzi chake, akamtolea salamu asijibiwe. Akatokwa na machozi, akapanda ukuta kurudi.

Mimi sikutengwa na mtu hata mmoja. Dada yangu alikuwa akipiga simu. Wazee wa msikitini waliniulizia. Ka'b alitengwa na mji mzima na bado alikwenda msikitini, na mimi mlango uliokuwa wazi niliufunga kwa mkono wangu nikauita ule mlango adhabu ya Allah.

Yawezekana msomaji akasema, mbona na wale wawili walijifungia, na toba yao ikakubaliwa vilevile? Ni kweli, wala siwalaumu masahaba. Lakini wao walikuwa ndani ya hukumu yenye mwisho, wakisubiri wahyi ushuke. Hata Abu Lubaba (r.a.), aliyejifunga kwenye nguzo ya Msikiti wa Mtume kwa kosa lake, alikaa pale mpaka toba yake ilipokubaliwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe akamfungua. Nguzo hiyo mpaka leo wanaozuru Madina wanaonyeshwa. Akafunguliwa, akaenda zake. Je, mimi na wewe tuliojifunga wenyewe, tunamngoja nani atufungue? Wahyi umekwisha kushuka, na aya ya 53 ya Suratuz Zumar, inayowakataza waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema za Allah, imo katika kila msahafu uliopo rafu za nyumbani kwetu.

Katika darsa lile nilimuuliza shehe: "Shehe wangu, kujilaumu si ndiyo dalili ya imani?" Akanijibu kuwa Allah (s.w.t.) ameapa kwa nafsi yenye kulaumu katika Suratul Qiyama, kwa hiyo lawama si ugonjwa. "Lakini angalia inakupeleka wapi," akasema. "Ikikupeleka kwa uliyemdhulumu, hiyo ya Allah. Ikikukimbiza asikuone, ichunguze." Niliichunguza, na sikupenda nilichokiona. Nilikuwa nataka kurudi kwa watu siku nitakapomaliza deni, nikiwa safi, ili asiniangalie mtu kama mdaiwa. Kumbe sikuwa nailinda haki ya dada, nilikuwa nalinda jina langu. Yale niliyoyaita majuto, nusu yake ilikuwa kiburi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "jisamehe" bila masharti. Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin ameeleza kuwa toba ya dhambi baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Ikiwa ni haki ya binadamu linaongezeka la nne, kuirudisha haki ile au kuombea halali. Mtu aliyekula amana kisha akajisamehe na kuhamia mtaa mwingine hajafanya lolote, amejipa cheti alichokiandika mwenyewe. Anza na mwenye haki. Lakini ukishaanza, ukishalia kwa Mola wako na unalipa, basi kuendelea kujichapa si nyongeza ya toba. Haimo katika yale masharti manne. Mimi naliita jambo hili kuupokea msamaha, maana msamaha nao hupokewa kama zawadi. Ukikataa kuupokea unamwambia nini aliyekupa?

Mfano ulionisaidia zaidi ya wote ni wa Nabii Musa (a.s.). Alimpiga mtu ngumi, mtu akafa. Qur'an katika Suratul Qasas inasimulia kuwa alikiri papo hapo kuwa amejidhulumu, akaomba msamaha, akasamehewa, akaahidi kutokuwa msaidizi wa waovu. Kisha akakimbilia Madyan, mkimbizi, hana chakula wala mwenyeji. Pale kisimani akawaona wanawake wawili wamesimama pembeni na mifugo yao. Musa, akiwa katika hali ile, akawanyweshea kwanza, ndipo akaenda kivulini kumuomba Mola wake. Hakusema, mimi muuaji, nitamsaidia nani.

Miaka ikapita. Musa anarudi Misri akiwa Mtume, anasimama mbele ya Firauni, na Firauni anamrushia lile lile: si wewe uliyetenda kile kitendo chako? Soma Suratush Shuaraa kuanzia aya ya 18. Musa hakukana, hakugugumia, wala hakuondoka ukumbini. Alikubali kuwa alilitenda wakati ule naye akiwa miongoni mwa waliopotea njia, akaendelea na ujumbe uliomleta. Niliporudi nyumbani usiku ule nilizisoma aya zile mara tatu. Nilijiuliza, mimi naogopa nini? Naogopa shemeji atasema "si wewe uliyekula pesa za mjane?" Jibu lake ni fupi. Ndiye mimi, na ninalipa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mbagala, miguu ikiwa mizito kama ya mtu anayepelekwa mahakamani. Dada alikuwa anachambua mchele. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi ya harusi, kwamba hapakuwa na safari ya Morogoro. Hakuinua kichwa mara moja. Akasema: "La pesa nilishakusamehe siku ile ile. Hili la harusi ndilo limenikaa. Mtoto aliulizia mjomba wake mpaka anaingia kwenye gari." Nilinyamaza, maana hapakuwa na la kusema. Baadaye akanisogezea ungo.

Sitaki msomaji adhani kuwa mambo yote yalinyooka siku ile. Shemeji zangu wawili hawajawa kama zamani, na hiyo ni haki yao. Wahshi, aliyemuua Hamza (r.a.) vitani Uhud, alisilimu na Uislamu wake ukakubaliwa, lakini Mtume (s.a.w.) alimuomba asimwonyeshe uso wake. Wahshi hakuiacha dini kwa hilo. Alikwenda vitani Yamama, na akawa miongoni mwa waliomuua Musaylima mwongo. Kusamehewa na Allah hakumlazimishi kila binadamu akuchangamkie.

Jingine, wapo watakaoniuliza kwa nini naandika aibu yangu gazetini ilhali tumekatazwa kuyatangaza madhambi ambayo Allah ameyasitiri. Swali ni zuri. Mtu ambaye Allah amemsitiri abaki na sitara yake, atubu kimya kimya, wala asihadaike na mtindo wa siku hizi wa kumwaga kila kitu hadharani kwa jina la ukweli. La kwangu ukoo mzima ulilijua, na kabla ya kuandika nilimsomea dada. Ka'b naye kosa lake lilijulikana Madina yote, na uzeeni, macho yamepofuka, alilisimulia mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho kwa mwanawe Abdullah aliyekuwa akimwongoza njia. Tunajua habari za wale ngamia wawili kwa sababu mwenyewe hakuzificha.

Alisimulia pia kuwa asubuhi ya siku ya 50, akiwa juu ya paa ameswali alfajiri, alisikia mtu anapiga ukelele kutoka mlima wa Sal' akimpa bishara, akaporomoka kusujudu. Akakimbilia msikitini, na Talha bin Ubaydullah (r.a.) akanyanyuka kumlaki na kumpa mkono. Ka'b anasema hakuisahau hisani ile ya Talha.

Deni la dada limebaki la miezi minne, inshaallah. Amesema la mwisho nisitume kwa simu, nimpelekee mkononi, nije na watoto tule mchana huko.