Hundi Ikirudi Bila Kulipwa, Usiiachie

Seremala wa Namuwongo, Kampala, anauza vitanda. Mteja anaiweka hundi benki mwenyewe, anarudi na karatasi yenye muhuri, anapakia mzigo na kuondoka. Siku chache baadaye hundi inarudi. Karatasi ile ilionyesha tu kwamba hundi imepokelewa. Hata ukiona salio limeongezeka, subiri: benki ya aliyeandika hundi ikikataa kulipa, benki yako itaziondoa fedha hizo, na kama umeshazitumia, deni ni lako. Kabla ya kutoa mali, iulize benki yako kama hundi imeshalipwa.

Ikirudi, idai hundi yenyewe pamoja na sababu kwa maandishi. Sahihi isiyolingana au tarehe iliyokosewa huweza kumalizwa kwa hundi mpya. Akaunti tupu au iliyofungwa ni jambo zito. Mjulishe aliyekupa siku hiyohiyo au kesho yake, kwa maandishi. Kama hundi ilipitia mkononi mwa mtu mwingine akaisaini mgongoni, kuchelewa kwako kunaweza kumwondolea wajibu.

Sasa aliyekupa hundi atakuja na maneno matamu: "Nirudishie hiyo, nikuandikie nyingine." Usikubali kabla hujalipwa yote. Hundi hiyo ndiyo ushahidi wako mkubwa, na wengi wamebaki mikono mitupu kwa kuitoa kwa heshima ya ujirani. Akilipa sehemu, andikeni kiasi na tarehe, mtie sahihi wote wawili.

Sheria ya Adhabu ya Uganda inamtia hatiani anayetoa hundi bila sababu ya msingi ya kuamini kwamba fedha zipo, na mzigo wa kuthibitisha sababu hiyo ni wake. Anayezuia malipo kwa nia ya kudanganya naye ana kosa. Unaweza kuripoti polisi. Lakini kazi ya polisi ni kuchunguza kosa, si kukusanya madeni, na kesi ya jinai inaweza kuisha kwa adhabu huku wewe ukiwa bado unadai.

Fedha zako zifuate kwa njia ya madai. Deni lisilozidi shilingi milioni 10 linaingia kwenye utaratibu wa madai madogo, ulioanzishwa kwa kanuni za 2011, na hapo unajieleza mwenyewe bila wakili. Kwanza mpe mdaiwa notisi ya siku 14. Akinyamaza, nenda kwa hakimu wa eneo husika. Kwa Namuwongo, mahakama hiyo iko Makindye. Usilale: madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6.

Na wewe uliyeiandika hundi una haki pia. Ukikamatwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiwa mapema, na dhamana ya polisi hailipiwi. Tunza taarifa za akaunti yako zinazoonyesha fedha ulizozitarajia. Na mkopeshaji akikuomba hundi iliyosainiwa bila kiasi, mkatalie, hata kama shida imekubana.