Heliamu Inayopanda Ukuta wa Chombo

Ni kweli kuna kimiminika kinachojitoa chenyewe chomboni?

Kweli kabisa. Ni heliamu iliyopozwa hadi karibu nyuzi 271 za sentigredi chini ya sifuri. Ikijazwa kwenye kikombe kilichoning'inizwa, utando mwembamba mno hupanda kuta kwa ndani, huvuka ukingo, hushuka kwa nje na kukusanyika kwenye kitako. Hapo hudondoka tone baada ya tone hadi kikombe kikauke. Mnato, ule unaoifanya asali isitiririke upesi, haupo tena heliamu hiyo inapopenya tundu jembamba. Hata chombo ambacho hakikuvuja hapo kabla huweza kuanza kuvuja.

Waliogundua jambo hili ni akina nani?

Pyotr Kapitsa mjini Moscow, na John Allen na Donald Misener wa Cambridge. Taarifa zao zilitoka pamoja katika jarida la Nature, Januari 1938. Ajabu ni kwamba wale wawili wa Cambridge walifanya kazi katika maabara iliyojengwa kwa ajili ya Kapitsa mwenyewe, kabla serikali ya Kisovieti haijamzuia kurudi Uingereza mwaka 1934. Mwaka 1978 yeye alipewa Nobeli ya Fizikia. Allen na Misener hawakupata kitu, na si wote walioona hiyo ni haki.

Heliamu hii huhusishwa na Bose na Einstein; wanaingiaje hapa?

Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, mwalimu wa Dhaka, alimpelekea Einstein hesabu zake za chembe za mwanga. Einstein akazipanua hadi kwenye atomu, akaona kwamba gesi ikipozwa vya kutosha, atomu nyingi zitaangukia hali moja ya chini kabisa ya nishati. Utabiri huo ulisubiri hadi 1995, Eric Cornell na Carl Wieman walipoutimiza kwa atomu za rubidiamu huko Boulder, Marekani.

Kwa hiyo heliamu hii na gesi ile ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa wengi huteleza. Ndani ya heliamu atomu zinasukumana na kuvutana sana, hivyo hata kwenye baridi kali kabisa ni kama sehemu moja tu ya kumi iliyo katika hali hiyo ya pamoja. Hata hivyo, kimiminika chote hutiririka bila mnato. Ni ndugu, si pacha.

Heliamu hii inatumika wapi?

Maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, huitumia kupoza sumaku za mtambo wa kugonganisha chembe wenye mzingo wa kilomita 27.