Asali inakunywa maji ya hewa

Kila majira ya mvua wavunaji wa asali wanatuuliza: asali ikiwa nyepesi, si tuiache wazi siku kadhaa, maji itoke yenyewe kama vile nguo zinakauka? Jibu ni hapana. Inafaa tuelewe sababu, maana bidoni moja ikichacha, mununuzi anaweza kukataa mzigo wote.

Tujaribu jambo moja nyumbani. Twaeni sahani mbili za kipimo kimoja, mutie kikombe cha maji katika kila moja. Katika ya pili muongeze kikombe kimoja na nusu cha sukari, mukoroge mpaka iyeyuke yote. Muziweke ndani ya nyumba, mbali na sisimizi na watoto. Ile ya maji matupu itakauka mbele. Ile ya sukari itabaki nzito, pengine haitakauka kabisa.

Kwa nini? Maji inakauka sababu vipande vyake vidogo sana, visivyoonekana, vinaruka toka juu na kuwa mvuke. Saa ile ile, vingine vya hewani vinarudi ndani. Sukari yenyewe hairuki. Inachukua nafasi katikati ya maji na kuishika, basi vinavyotoka vinapungua, lakini vya kurudi havipungui. Chumvi iko vile vile: unyevu wa hewa ukipita 75 kwa 100, chumvi ya jikoni inalowa yenyewe. Kila mama anaijua ile.

Sasa asali. Ile iliyoiva vizuri iko na maji karibu 18 tu kwa 100. Karibu yote inayobaki ni sukari. Unyevu wa hewa ukipita karibu 60 kwa 100, inapokea maji kuliko inavyotoa. Na wakati wa mvua huku kwetu milimani, hewa inapita hapo bila shida. Basi bidoni iliyo wazi haikauki, inakunywa. Maji ikipita 20 kwa 100, chachu iliyo ndani inaamka, povu linapanda, na harufu inageuka ya pombe.

Wenye kukausha ni nyuki. Wanapepea kwa mabawa ndani ya joto la mzinga, na asali ikiiva wanaifunika kwa nta. Kwa hiyo tunavuna sega lililofunikwa robo tatu ao zaidi. Lisilofunikwa tunaliacha mzingani. Kama limekwisha kutoka, liliwe nyumbani upesi, lisiingie katika bidoni ya koperative. Tunachuja siku ile ile, mvua isiponyesha, na bidoni iwe kavu kabisa, ijae karibu na mdomo, kifuniko kikazwe.