Bonanza la Vijana: Mwenzetu Mwenye Hali ya Down Yuko Wapi?



Wapendwa vijana, somo letu leo linatupeleka uwanjani. Kwanza fungua Biblia yako usome 1Kor 12:12-26. Halafu jiulize: kwenye bonanza lililopita la vijana wa parokia yenu, mwenzenu mwenye hali ya Down alikuwa wapi? Alicheza? Au aliwekwa kwenye kiti pembeni na soda yake, akipigiwa makofi kila anapotabasamu?

Tumwelewe kwanza

Hali ya Down, ambayo wengi huiita Down sindromu, si laana, si uchawi, haiambukizi, wala si adhabu ya dhambi za wazazi. Kwa kawaida mtu ana kromosomu 46 katika kila seli. Mwenye hali hii huwa na 47, kwani kromosomu namba 21 ina nakala tatu badala ya mbili. Ndiyo maana siku yao duniani ni tarehe 21 mwezi wa 3. Mmoja wa wanasayansi waliotangaza ugunduzi huo mwaka 1959 ni Mkatoliki mwenzetu, daktari Mfaransa Jérôme Lejeune. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa.

Tukiwa uwanjani tufanyeje?

1. *Msubiri ajibu.* Wengi wao wanaelewa zaidi ya wanavyoweza kusema. Ukimuuliza kitu, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kurudia. Sisi tuna haraka, tunageuka na kumuuliza mama yake, "Eti anataka kucheza?" Muulize mwenyewe. Na akisema hapana, basi ni hapana.

2. *Mwonyeshe.* Wengi hujifunza vizuri zaidi kwa kuona kuliko kwa kusikia, na baadhi wana shida ya masikio. Punguza sauti ya spika, simama mbele yake, fanya kitendo taratibu, kimoja kimoja, naye afuate.

3. *Linda shingo na moyo wake.* Misuli na viungo vyao huwa vimelegea, na kwa baadhi mifupa ya juu ya shingo haiko imara. Kwa hiyo kubiringika kwa kichwa, kupiga mpira kwa kichwa na kupiga mbizi visubiri ruhusa ya daktari. Karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo, hivyo ongea na wazazi mapema, siyo siku ya mechi. Akisema shingo inauma, mikono ikifa ganzi, au mwendo wake ukibadilika ghafla, simamisha mchezo na awahishwe hospitali.

4. *Heshimu umri wake.* Mwenye miaka 22 ni kijana kama wewe. Usimpeleke akacheze na watoto wa Utoto Mtakatifu, usimfinye mashavu. Akicheza rafu, refa apulize filimbi. Ukimwachia afunge kila goli, anajua kabisa kwamba hamchezi naye kweli.

"Lakini sisi tunataka kombe!"

Najua kuna atakayesema hivyo, na si dhambi kutaka kushinda. Ila mambo haya mawili yanawezekana pamoja. Mwaka 1968 mama Mkatoliki, Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake alikuwa na ulemavu wa akili, alianzisha mashindano ya Special Olympics pale Chicago. Leo yana hata timu za mchanganyiko: wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanavaa jezi moja, wanafanya mazoezi pamoja, na wanagombania medali kwelikweli. Siri ni mazoezi ya pamoja. Ukimwita siku ya bonanza tu, umemwita kupiga picha.

Paulo hatuambii tuvionee huruma viungo vinavyoonekana dhaifu. Anasema mwili unavihitaji. Mwenzetu akibaki kwenye kiti, sisi ndio timu pungufu.

Maswali ya kujadili
- Nani katika jumuiya yetu hajawahi kuitwa mazoezini? Kwa nini?
- Nani ataenda kwao wiki hii, akamwalike yeye mwenyewe?

Tusali: Ee Yesu, tupe subira ya kumsikiliza mwenzetu mpaka amalize, na moyo wa kumpasia mpira. Amina.